Kutembea Nuruni: Uamsho wa Afrika Mashariki na Njia ya Kumkaribia Mungu

Ukaribu na Mungu hukua pale mtu anapoacha kujificha. Habari ya kwanza ya dhambi katika Biblia, kwenye Mwanzo sura ya 3, ni habari ya maficho: Adamu na mkewe wanashona majani ya mtini, kisha wanajibanza kati ya miti ya bustani wanaposikia Mungu anakuja. Mungu hakuhama pale bustanini. Waliohama ni wao. Kwa hiyo fundisho lolote la Kikristo kuhusu kumkaribia Mungu lina swali moja la kujibu kabla ya mengine yote: mtu atatokaje kichakani?

Waraka wa Kwanza wa Yohana hulijibu kwa kutumia mfano wa mwendo. Mungu ni nuru, na anayetaka ushirika naye hana budi kutembea ndani ya nuru hiyo. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, inatumia kitenzi kuenenda. Waumini wengi katika mazungumzo yao husema kutembea nuruni. Aya ya 7 ya sura ya kwanza ina jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Mtu angetarajia Yohana aseme kwamba anayetembea nuruni anapata ushirika na Mungu. Katika aya hiyo anasema wanapata ushirika wao kwa wao, halafu ndipo anataja damu ya Yesu inayosafisha dhambi. Mungu, jirani na msamaha vimefungwa fungu moja, wala hakuna anayeweza kuchomoa kijiti kimoja akaondoka nacho.

Aya hiyo ndiyo iliyobeba mojawapo ya harakati kubwa za kiroho katika historia ya makanisa ya Kiprotestanti ya eneo hili, yaani Uamsho wa Afrika Mashariki. Wafuasi wake Uganda waliitwa Balokole, maana yake waliookoka, na jina hilo limeingia katika Kiswahili kama walokole, ingawa leo linatumika kwa watu wengi zaidi, wakiwemo Wapentekoste ambao historia yao ni nyingine. Uamsho una mengi ya kufundisha kuhusu kukua karibu na Mungu, kwa sababu haukuishia kwenye kuhubiri ukaribu huo. Uliuwekea utaratibu wa kila siku ambao mkulima, muuguzi na askofu waliweza kuufuata sawasawa.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mnamo Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akitokea Gahini, Rwanda, alikokuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni chini ya shirika la CMS. Alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoipiga Rwanda miaka ile ya 1928 na 1929. Kwenye kilima cha Namirembe, karibu na kanisa kuu la Kianglikana, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi serikalini, akiwa amesimama kando ya pikipiki yake. Wote wawili walikuwa Wakristo waliobatizwa na kuheshimiwa, na wote wawili waliona ndani yao pana ukavu. Kwa siku mbili walikaa na Biblia, wakifuatilia aya zinazozungumzia Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akimkiri mwenzake upungufu wake, halikuwa jambo la kawaida katika Uganda ya mwaka 1929, na hapo ndipo alama ya harakati nzima ilipochorwa. Church alirudi Gahini. Nsibambi akaacha kazi yake ya serikali akawa mhubiri.

Kilichofuata Gahini kinaonyesha vizuri jinsi fundisho lilivyofanya kazi. Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa wahudumu wa hospitali pale, alikwenda Kampala akiwa na malalamiko chungu nzima: kazi haiendi, watu hawaelewani, uongozi una kasoro. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamweleza kwamba chanzo cha hali mbaya ya hospitali kitafutwe kwanza ndani ya moyo wa Kinuka mwenyewe. Jibu hilo lilimkera. Lakini safari ya kurudi Rwanda ni ndefu, na akiwa njiani ndani ya lori alikubali kwamba aliyoambiwa ni kweli. Alirudi akiwa mtu mwingine, na miaka ilivyosonga akawa kasisi na mmoja wa nguzo za Uamsho. Katika masimulizi haya hakuna maono wala sauti kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeacha kuhesabu makosa ya wenzake akaangalia lake.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu wa wainjilisti hapo hapo Gahini. Mwaka 1935 alijitenga kwa juma zima akiomba katika kibanda chake, akatoka akiwa na mzigo kwa ajili ya kanisa lililosinzia. Januari 1936, akiwa amekwenda Uganda ili alieleze baraza la kanisa mambo matatu yaliyomsumbua, yaani ubaridi wa viongozi, watu kukaribia Meza ya Bwana huku wakiishi katika dhambi inayojulikana, na haja ya kanisa zima kuamka, aliugua homa akafa kabla ya kusimama mbele ya baraza hilo. Kifo chake kilieneza ujumbe wake kuliko ambavyo hotuba ingeweza. Mwaka uleule moto uliwaka Gahini kwa namna iliyowashangaza hata wamisionari. Mwaka 1937 timu ya kwanza ilifika Kenya, na mwaka 1939 nyingine ikafika Katoke, upande wa Bukoba, Tanganyika. Burundi na mashariki ya Kongo nako ujumbe ulivuka mipaka kwa miguu ya watu wa kawaida.

Walichobeba watu hao kilikuwa namna ya kuishi, na kitovu chake ni mkutano mdogo ulioitwa ushirika.

Ushirika haukuhitaji jengo. Sebule ya mwalimu ilitosha, au kivuli cha mwembe nyuma ya zahanati. Watu walikutana angalau mara moja kwa juma, wakaimba, wakasoma fungu la Biblia, wakaomba, kisha sehemu kubwa ya muda ikatolewa kwa ushuhuda. Aliyesimama alisalimu kwa kumsifu Bwana, akataja jina lake na kwamba Yesu ni Mwokozi wake, halafu akaeleza alivyotembea naye juma lile. Neno muhimu ni juma lile. Ushuhuda wa miaka kumi iliyopita ulionekana kama chakula cha jana: kinalika, lakini hakionyeshi kama leo mtu amepika. Mwenzao akimaliza, wengine waliitikia kwa kiitikio cha wimbo wa Tukutendereza (tunakusifu), ambacho hadi leo huimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiojua neno jingine lolote la lugha hiyo.

Ushuhuda wenyewe ulikuwa wa mambo madogo. Mfano wa kawaida ni wa mume anayeeleza kwamba Jumatatu alimjibu mkewe kwa ukali kwa sababu ya chai iliyochelewa, akaenda kazini akiomba njiani, na maombi hayakupanda. Kufika saa nne akatambua kinachomzuia. Alitubu mbele za Mungu, na jioni akamwomba mkewe radhi mbele ya watoto, kwa kuwa mbele ya watoto ndipo alipomkemea. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza anaweza kuona ni jambo dogo mno kuletwa mbele ya watu. Lakini Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, unawaambia waume wazi kwamba namna wanavyoishi na wake zao inaweza kuyafungia maombi yao njia, na Yesu katika Mathayo 5 anamwagiza mtu aache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Mume huyo alikuwa ameisoma Biblia jinsi ilivyoandikwa. Chai ya Jumatatu ndiyo iliyokuwa imemtenga na Mungu siku hiyo; angezungumzia mambo makubwa zaidi, angekuwa anajificha tena nyuma ya maneno mazuri.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo wengi hulikosa. Mtu huweza kuongeza mikesha, mifungo na semina, na bado akabaki mbali, kwa sababu kuna jambo moja mahususi analolipita kila asubuhi. Ukaribu haupimwi kwa wingi wa shughuli za dini. Kwa watu wa Uamsho ulipimwa kwa muda unaopita kati ya kosa na toba. Mkristo mchanga huweza kukaa na kinyongo mwezi mzima kabla hakijamsumbua. Anavyokua, mwezi unakuwa juma, juma linakuwa siku, na hatimaye anajisikia kuchomwa neno likiwa bado mdomoni. Dhambi zake hazijaongezeka. Nuru ndiyo imeongezeka, na vumbi ambalo gizani halikuonekana sasa linaonekana. Ndiyo maana watu waliotembea muda mrefu na Mungu mara nyingi hujiona wakosaji kuliko wanavyojiona wanaoanza, nao husema hivyo bila unyonge.

Neno lililotumika kueleza badiliko hilo ni kuvunjika. Biblia mara nyingi huwaita watu wasiosikia watu wa shingo ngumu, na mfugaji yeyote anaelewa picha hiyo, maana ng'ombe mwenye shingo ngumu hakubali nira. Kuvunjika ni kukubali kuinamisha shingo pale mtu anapotaka kujitetea. Mwanzo wa vita ni sentensi inayoanza na lakini: lakini yeye ndiye aliyeanza, lakini nilikuwa nimechoka, lakini na wao hufanya hivyo. Uamsho uliwafundisha watu kuisikia lakini hiyo kama dalili, kama muuguzi anavyosikia kikohozi. Mwaka 1947 Joe Church, mhubiri Mganda William Nagenda na Yosiya Kinuka walikwenda Uingereza, na mwinjilisti Mwingereza Roy Hession, aliyekutana na ujumbe huu mwaka huohuo, akauandikia kitabu kidogo, The Calvary Road, kilichotoka mwaka 1950 na kusambaa duniani. Kwa mara hii elimu ya kiroho ilikuwa imetoka Rwanda na Uganda kuelekea Ulaya.

Kuvunjika kulivuka pia ukuta wa rangi. Wamisionari kadhaa waliwaomba radhi Waafrika hadharani kwa kiburi na dharau, na Waafrika wakakiri chuki waliyoificha chini ya heshima ya nje. Wengine walirudisha vitu vya watu: blanketi za hospitali, zana za mwajiri, fedha zilizochukuliwa kimyakimya. Msingi wake ulikuwa Zakayo, ambaye katika Luka 19 hakuishia kusema amesikitika bali aliahidi kurudisha mara nne. Ndugu wa Uamsho walishikilia kwamba toba isiyogusa mfuko na ghala haijafika moyoni.

Hata hivyo kuungama peke yake hakumpeleki mtu karibu na Mungu. Anayejichungulia kutwa kucha huishia kujijua yeye tu. Ndiyo sababu nguzo ya pili ilikuwa Neno na maombi ya faragha. Church aliandaa miongozo ya kujifunza Biblia kwa mada, iliyochapwa mwaka 1938 kwa jina Every Man a Bible Student, na jina hilo linabeba madai yake: kila mtu, awe na elimu ndogo kiasi gani, anaweza kuketi na Maandiko akafundishwa. Namna ya kusoma ilikuwa rahisi. Fungu fupi lilisomwa polepole, mara mbili au tatu. Msomaji akajiuliza linasema nini kuhusu Mungu, halafu linamgusa wapi leo. Akaomba kwa kutumia lile alilosoma. Wakati uliopendwa ni alfajiri, kwa kufuata mfano wa Yesu katika Marko 1:35, ambaye aliamka kungali giza akaenda mahali pasipo watu. Katika nyumba yenye watoto wanne na shamba la kupalilia, saa hiyo ndiyo pekee isiyo na mwenyewe.

Yohana 15 huita jambo hili kukaa, kama tawi linavyokaa katika mzabibu. Tawi halijitahidi kuzaa. Linachohitaji ni kutokatika. Mkristo anayeelewa hivyo huacha kuihesabu saa ya faragha kama zamu ya kazi, akaanza kuiona kama mahali anapokunywa. Zipo siku ambazo hasikii chochote, na hata miezi. Waandishi wa kiroho wa Kanisa, tangu watawa wa jangwani wa Misri, wameandika kuhusu ukavu huo na karibu wote wanakubaliana juu ya jambo moja: mtu aendelee kwenda mahali pale pale, saa ile ile, bila kulazimisha hisia. Kama kuna jambo analojua limemtenga, alishughulikie. Kama halipo, asilitunge.

Kutunga dhambi ni hatari halisi, hasa kwa watu wenye dhamiri nyepesi. Washauri wenye uzoefu huwasaidia kutofautisha sauti mbili. Roho Mtakatifu hutaja jambo kwa jina lake: uongo ule aliomwambia mwajiri siku ya Jumanne, deni lile la fundi. Akishalitaja huonyesha na mlango wa kutokea, ambao ni msalaba. Sauti nyingine husema kwa ujumla tu, kwamba wewe ni bure, hufai, umechelewa. Haitaji kosa linaloweza kutubiwa, na haina mlango. Paulo katika Warumi 8 anafundisha kwamba walio ndani ya Kristo hawako tena chini ya hukumu. Anayesongwa na sauti ya pili hahitaji kuungama zaidi. Anahitaji kukumbushwa kwamba amekwisha kusamehewa.

Wazo la kumfungulia ndugu moyo halikuzaliwa Gahini. Yakobo 5:16 inawaagiza waumini waungamiane dhambi na kuombeana. Wakatoliki wana sakramenti ya Kitubio, na tangu karne ya 16 wafuasi wa Ignatius wa Loyola hufunzwa kuichunguza siku yao kila jioni, wakianza kwa shukrani. John Wesley aliweka vikundi vidogo vya kuulizana hali ya roho mwaka 1738. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya pamoja mwaka 1939, ambamo aliweka wazi kwamba mtu aliye peke yake na dhambi yake yuko peke yake kabisa. Ulikuwa mwaka uleule ambao Uamsho ulifika Katoke, na pande hizo mbili hazikuwa zikijuana. Kanisa linapojikuta likirudia jambo moja mahali pengi hivyo, ni busara kuamini kwamba jambo hilo limo katika mzizi.

Uamsho ulikuwa na makosa yake, na anayejifunza kwake hana budi kuyajua. La kwanza lilikuwa kuungama bila mipaka. Baadhi ya mikutano ya mwanzo ilisikiliza dhambi za zinaa zikitajwa kwa undani, pamoja na majina ya wengine, na ndoa na sifa za watu zikaumia. Viongozi walijifunza kwa maumivu kanuni ambayo sasa hufundishwa na wengi: ungamo lifike pale kosa lilipofika. Kosa la moyoni huungamwa kwa Mungu, la mtu mmoja kwa mtu huyo, na la hadharani hadharani. Kinachosikika katika ushirika kibaki katika ushirika. Inapasa kuongezwa kwamba mtu aliyedhulumiwa, mathalani mtoto aliyenajisiwa au mke anayepigwa, hana dhambi ya kuungama katika dhuluma hiyo, wala asishinikizwe kwenda kupatana peke yake na aliyemtenda. Nuru katika jambo kama hilo ni ukweli kufika kwa mchungaji mwaminifu na kwa vyombo vya sheria.

La pili lilikuwa sheria mpya. Kundi lililojitokeza Uganda na kujiita walioamka upya liliona ndugu wamesinzia tena, likaweka masharti makali, likiwemo la kukataza mikopo, na undugu ukagawanyika kwa miaka. Kutambuana kwa salamu, mavazi na msamiati kuliwafanya wengine wahukumu wokovu wa mtu kwa namna anavyozungumza. Nuru iligeuka kuwa tochi ya kumulikia wengine. Viongozi wa kanisa nao walikosea kwa upande wao: mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa kinara wao, baada ya mvutano juu ya maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao. Wengi wa waliofukuzwa walikataa kuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani ya kanisa lililowakataa, na uamuzi huo ndio uliofanya Uamsho uwe chachu ndani ya Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti badala ya kuwa dhehebu moja zaidi. Josiah Kibira, aliyeguswa na Uamsho Buhaya, upande wa Bukoba, mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuja kuwa askofu wa Kilutheri, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia.

Kosa la tatu ni zito kuliko yote. Rwanda, mahali Uamsho ulipowakia, ndipo yalipotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na makanisa yakageuka machinjio. Katika miaka ya kwanza Wahutu, Watutsi na wageni waliketi benchi moja wakiungamiana. Wapo waliobaki waaminifu hadi kufa, kama Yona Kanamuzeyi, mhudumu wa kanisa aliyeuawa Januari 1964 baada ya kuwahifadhi waliokuwa wakiwindwa. Lakini miaka ilivyopita, ungamo la wengi liliishia kwenye hasira, wivu na ulevi, na chuki ya kabila ikaachwa gizani kwa kuwa watu wote walikuwa nayo na hakuna aliyeiona kama dhambi yake binafsi. Somo lake ni chungu na liko wazi. Kona ambayo kundi zima limekubaliana kutoimulika ndiyo inayowaangamiza. Mtu anayetaka kukua karibu na Mungu ana wajibu wa kuuliza, pamoja na anachokificha yeye, kile ambacho ukoo wake, kabila lake na kanisa lake wanakificha kwa pamoja.

Pale nuru ilipofika kona hiyo, matunda yalionekana. Kenya wakati wa hali ya hatari, kuanzia mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia silaha walizopewa na serikali ya kikoloni wajilinde. Walisema hawawezi kumwaga damu ya watu ambao Kristo alimwaga yake kwa ajili yao. Walichukiwa pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Watu hawakufika kwenye ujasiri huo kwa siku moja. Walikuwa wamezoezwa na mambo ya chai na blanketi kwa miaka kumi na mitano.

Habari ya Festo Kivengere inaonyesha kwamba mazoezi hayaishi. Aliokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko Kigezi, Uganda, akawa mwalimu Dodoma, kisha mhubiri aliyejulikana Afrika nzima, na mwaka 1972 askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977 askofu mkuu wake, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walitoroka kwa miguu usiku, wakapanda milima hadi Rwanda. Alikuwa na umri wa miaka 57, ametembea na Mungu zaidi ya miaka thelathini, na moyoni alikuwa amebeba chuki kwa Amin, chuki ambayo hakuna mtu ambaye angemlaumu kwayo. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa katika kanisa la All Souls, London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Akajiuliza kama Yesu angeweza kumwondoa Amin katika sala ile, akaona hapana. Alitubu chuki yake papo hapo, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake, I Love Idi Amin, liliwaudhi watu wengi. Kivengere hakuacha kuupinga udhalimu wa Amin kwa maneno makali. Alichokiacha ni mzigo uliokuwa unamtenga na Bwana wake. Askofu mwenye sifa dunia nzima alikwenda njia ileile ya mume wa chai ya Jumatatu.

Vikundi vya ushirika bado hukutana katika nchi hizi, vingi vikiwa na wazee wengi kuliko vijana. Asiye na kikundi karibu anaweza kuanza na mtu mmoja: mwamini wa jinsia yake, anayejulikana kwa kutunza siri, aliye tayari kusema ya kwake pia. Wapange siku moja kwa juma na wasome fungu moja fupi, kwa mfano sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, ambayo ina aya kumi tu. Kila mmoja aeleze alivyotembea juma hilo, waombeane, waachane. Anayeanza asirudi nyuma kuchimbua miaka ishirini. Aanze na jambo la mwisho ambalo Mungu amelitaja kwa jina na yeye akalipita, na kama linamhusu mtu anayeishi naye nyumba moja, amwendee huyo kwanza kabla jua halijazama.